Wageni Katika Damu ya Sauda

"Hivi damu ikitoka, nani huiambia basi?" jirani yangu Bi Mwanakombo aliwahi kuniuliza. Nikamjibu ni Mwenyezi Mungu, tukaendelea kuchambua mchele.

Jana mchana niliota. Mwanangu Sauda alikuwa amelala mkekani. Aling'olewa jino asubuhi, na pengo likawa linatoka damu, haliachi. Kilikuwa kikombe cha tatu cha mate mekundu. Nilikaa karibu naye na tasbihi yangu, macho yakajifumba.

Mara niko ndani ya mfupa wake. Pana joto kama jikoni. Mama mmoja mnene, mkubwa kuliko nyumba, anajimega vipande vidogo na kuvitupa katika mto wa damu, kama mtu anayekata madonge ya maandazi.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana sikujua umri wake.

"Marahaba. Hawa ni wanangu, chembe sahani, waziba damu inapovuja. Hawana kiini, wanaishi siku kumi tu. Usiwasemeshe njiani."

Mto ukawa mshipa, nami nimekaa barazani kwangu, humohumo ndani. Chembe sahani wanapita, bapa kama visahani vya kahawa. Mimi sikuzoea mtu apite mlangoni kwangu kimya.

"Karibuni!" nikasema.

Wote wakasimama. Wakaota mikono, wakashika ukuta, wakashikana wenyewe kwa wenyewe. "Tumekaribishwa! Njooni!" wakaita wenzao. Nyuzi zikatoka majini, zikawafunga kama wavu. Nyuma, chembe nyekundu wakaanza kugomba: "Bibi, unaziba njia!"

"Ukuta umepasuka wapi?" chembe sahani mmoja akaniuliza kwa adabu.

"Hapa hapajapasuka. Ni kule tayani."

"Sasa umetukaribishia nini?"

"Mazoea, mwanangu."

Tangu nizaliwe sijamfukuza mgeni, hata siku niliyomzika mume wangu. Lakini Sauda anaisha.

"Nendeni," nikasema, machozi yananitoka. "Hapa si penu. Nendeni tayani."

"Hata chai?"

"Hata chai."

Waliogoma kuachia niliwabandua mmojammoja kwa kucha. Nikawaombea dua, wakaenda.

Nikazinduka. Sauda ameketi, ameshika shavu.

"Mama, kuna watu wamepiga hodi humu tayani."

"Ukawajibuje?"

"Nimewaambia karibuni."

Akatema kikombeni. Mate meupe. Akanitazama, akajitanda kanga, akatoka.