Nani Kaung'ata Mmea wa Fundi?

Fundi cherehani alikuwa na wakubwa wawili nyumbani. Wa kwanza ni paka wake wa kijivu, aliyeitwa Msimamizi kwa sababu alishinda juu ya vitambaa vya wateja akimtazama fundi akishona, na hata sindano hajawahi kuokota. Wa pili ni shangazi yake, mpishi mstaafu wa hospitali, mwenye pengo la mbele na mdomo usiojua likizo. Shangazi alisema hampendi paka, na alilisema hilo kila siku bila kuulizwa.

Siku moja bibi harusi alikuja kuchukua gauni, akamwachia fundi zawadi: mmea mdogo kwenye chungu, majani yake manene yamejaa maji na kujipanga mfano wa waridi. Shangazi akaukodolea macho.

"Una hakika hauna sumu? Hilo lipaka lako halibagui kitu."

"Mmea tu huu, shangazi," fundi akasema, akauweka dirishani.

Asubuhi yake jani moja lilikuwa limeng'atwa nusu. Msimamizi kalala chali sakafuni, chakula hajakigusa, na alipoitwa alifungua jicho moja tu. Fundi roho ikamruka. Aliacha suruali ya watu ina mguu mmoja, akamtia paka kapuni, jani mfukoni, mbio kwa daktari wa mifugo. Njia nzima alijilaani: ameonywa, akapuuza, na sasa anampoteza mwenzake kwa ajili ya pambo la dirishani.

Shangazi alimfuata. "Nakusindikiza wewe," alisema, "siyo hilo lipaka." Lakini kabla hawajafika alikuwa ameshamtangulia fundi.

Daktari alimbonyeza Msimamizi tumbo, akamfunua mdomo, akanusa. "Huyu kashiba. Amekula samaki, tena si mmoja."

"Samaki katoa wapi? Mimi sijanunua samaki."

Shangazi akawa anasoma bango la chanjo ya mbuzi ukutani.

Daktari akaliinua jani kwenye mwanga. "Mimea ya majani manene haifanani. Ipo inayowadhuru paka, hata shubiri usiiweke karibu nao. Huu ninaujua, hauna neno. Lakini tazama alama hizi. Meno mapana, halafu katikati pengo. Paka gani huyu?"

Fundi akageuka. Shangazi alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu zake zote.

"Shangazi, hebu cheka kidogo."

"Sina la kuchekea," akajibu, na pengo likaonekana.

Ikabidi aseme. "Pale hospitali chakula hakikutoka jikoni kwangu kabla sijakionja. Jana nikauonja na huo mmea. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Kama ni sumu, bora ianze na mimi."

"Na samaki?"

"Nilitaka ashibe, asiufikirie."

Fundi alitaka kucheka, akajizuia. Akamgeukia daktari. "Na mtu akiula je?"

"Hapo usinitie matatani. Mimi natibu wa miguu minne."

Nje, fundi alinyoosha mkono achukue kapu. Shangazi alikuwa amekwisha kulikumbatia.

"Toa mkono wako. Unambeba kama mzigo wa vitambaa." Baada ya hatua chache akaongeza, "Na usidhani nalipenda hili lipaka."

Msimamizi alikuwa ametoa kichwa kapuni, anamlamba vidole kimoja kimoja, akitafuta samaki.