Shahidi kutoka Kilema

Violet alishindwa kukaa. Tangu wafike ofisini kwa Wakili Loveness, ghorofani katikati ya mji wa Moshi, alikuwa akienda dirishani na kurudi, akashika kitasa cha mlango, akakiachia, mpaka wakili akamwambia, "Dada, hilo zulia utalitoboa. Kaa basi hata kidogo."

Akakaa. Muda si muda akasimama tena.

Mama yake, Mektrida, alikuwa ametulia kwenye kiti cha mbele ya kompyuta, amevaa kitenge chake cha kwenda misani, mikono mapajani. Tangu watoke nyumbani, kijijini Kilema, alikuwa hajazungumza zaidi ya kumwambia dereva apunguze mwendo kwenye kona.

Mwaka uliotangulia Violet alishika nafasi ya pili kwenye marathoni kubwa huko Ulaya. Furaha haikudumu. Kipimo cha mkojo kilionyesha chembe za dawa ya kupunguza maji mwilini, dawa ambayo wanariadha wadanganyifu huitumia kusafishia mwili ili mengine waliyomeza yasionekane. Akafungiwa miaka miwili. Aliapa kwamba hajawahi kumeza kitu kama hicho, lakini hata majirani waliokuja kumpa pole walikuwa wakimtazama kwa pembeni. Likabaki jambo moja tu, kukata rufaa Lausanne, Uswisi, kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Huko wasuluhishi watatu husikiliza pande zote mbili, na wakishasema, yamekwisha.

Loveness ndiye aliyegundua dawa ilikotoka. Siku moja alipanda Kilema kuuliza maswali yake, akamkuta Mektrida jikoni anaponda kidonge kwa mgongo wa kijiko na kukikorogea kwenye kikombe cha mtori, supu nzito ya ndizi. Moyo wa mama yule ulikuwa umechoka, miguu ikimvimba, na vidonge vikimkwama kooni.

"Kikombe chote anakimaliza?" wakili alimuuliza Violet walipotoka nje.

"Hapana. Akishiba nusu ananiachia, nami nikirudi mazoezini nakimalizia ..." Violet akashika mti wa kahawa uliokuwa karibu naye.

Alimwomba wakili asimwambie mama. Lakini wasuluhishi walitaka kumsikia mama mwenyewe, ikabidi Violet amweleze, siku moja jioni, mama akiwa anakatia ng'ombe majani ya migomba. Mektrida alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akaendelea kukata.

Sasa nyuso zilikuwa zimejitokeza kwenye kioo cha kompyuta: wasuluhishi watatu, mkalimani, na wakili wa upande wa pili, mwanamume mwenye miwani na sauti ya upole. Mektrida alieleza habari ya kidonge, kijiko na kikombe. Wakili wa miwani akauliza, mkalimani akatafsiri:

"Mama, binti yako unampenda?"

"Nampenda."

"Ungeweza kusema uongo ili kumwokoa?"

"Ningeweza."

Loveness alifumba macho.

"Ila ningetafuta uongo mwingine," Mektrida akaendelea. "Huu mnaousikia unasema mimi ndiye niliyemharibia mwanangu. Mzazi gani anajitungia habari ya namna hiyo?"

Hakuna aliyecheka. Msuluhishi aliyekaa katikati, mwanamke mwenye mvi, akamgeukia Violet. "Ulijua kwamba mama yako anatumia dawa?"

"Nilijua."

"Uliwahi kuuliza ni dawa gani?"

Violet alimtazama mama yake kisogoni. "Sikuuliza. Kilikuwa chakula cha mama."

Wakaambiwa wasubiri uamuzi.

Kusubiri kukawa kubaya kuliko kesi yenyewe. Violet alikimbia peke yake, akipandisha kuelekea msituni, akishuka hadi barabara ya lami, akirudi nyumbani bado damu inachemka. Kila simu iliyolia ilimshtua. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Kwa jinsi alivyokuwa amejaa hofu yake mwenyewe, alichelewa kuona kwamba mama haendi tena kwenye sala za jumuiya, na kwamba viatu vyake vimebaki mlangoni, yeye akitembea na kandambili zilizokatwa ukanda.

"Mama, hiyo miguu! Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

Violet aliingia chumbani, akatoka na kopo la vidonge. Lilikuwa limejaa.

"Umeacha."

"Hiyo kitu haiingii tena kwenye chakula cha nyumba hii."

"Kwa hiyo ufe?"

"Na wewe je?" Mektrida alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Unazunguka uani kama kuku aliyefungiwa, husemi, huli. Unafikiri sikuoni? Nimekuzaa ili nije nikufunge miguu?" Alitaka kuendelea, lakini pumzi ikamkatika. Akashika ukuta, midomo ikibadilika rangi.

Violet alimbeba mgongoni. Alipita naye katikati ya migomba, akaruka mfereji, akashuka kwenye njia iliyokuwa imelowa mvua, na mama, ambaye hakuwa mwepesi, akimhemea shingoni. Barabarani jirani yao Primus aliwapakia kwenye gari lake la maziwa mpaka hospitali ya misheni.

Simu ya Loveness ilimkuta Violet wodini, mama amewekewa oksijeni na ameanza kupata nafuu.

"Wamekubali!" wakili alisema. "Wameamini dawa ilitoka kwenye kile kikombe. Adhabu imepunguzwa, muda uliokwisha kuutumikia umetosha. Kuanzia leo uko huru kukimbia."

"Na mbio zile?"

"Zile zimefutwa, Violet. Wanasema dawa ilikuwamo mwilini, hata kama iliingia bila wewe kujua. Na kwamba ulipaswa kuuliza."

Violet alikuwa ameisubiri habari hiyo kwa miezi, akifikiri atapiga kelele mtaa mzima usikie. Badala yake alibaki ameshika chuma cha kitanda, hajui acheke au alie.

"Wamesemaje?" mama aliuliza.

"Wamekuamini, Mama."

"Na medali?"

"Wanaichukua."

Mektrida aligeuza uso kuelekea ukutani. Mabega yake yakatikisika, na Violet akapanda kitandani palepale, na viatu vyake vya tope, akamkumbatia kwa nyuma. Muuguzi alitaka kusema kitu, akaacha.

"Mimi ndiye nimekuchosha," Violet alisema. "Nilikuwa naisikiliza simu, wewe sikusikilizi."

Mama alimshika mkono na hakuuachia.

Kesho yake kocha wake alipiga simu kutoka Arusha, amekwisha kusikia, anataka Violet aanze kambi wiki ileile. Violet alitoka nje ya wodi kuzungumza naye. Miguu ilikuwa ikimwasha kwa hamu ya kukimbia, aliisikia kabisa.

"Nakuja," alisema, "ila si wiki hii. Namuuguza mama. Na kocha, huko kambini nani anapika?"