Mnyama wa Mianzi na Mnyama wa Meno

Mume wangu Mokua ana kipaji kimoja kikubwa: kuketi. Akishamaliza kuketi mjini Keroka, huja kuketi nyumbani Gesima, sahani ya ndizi mapajani, akitazama filamu za wanyama kwenye simu. Kipenzi chake ni panda, yule dubu wa Uchina mwenye mabaka meusi machoni.

"Mama Lorna, kuja uone," aliniita siku moja. "Anakula mianzi asubuhi mpaka jioni. Akishiba analala. Na dunia yote inamlinda!"

Nilikuwa nimetoka kuteka maji, shingo imekufa ganzi. Nikampongeza kwa kupata ndugu.

Filamu ikaendelea, akatokea biva, mnyama wa mtoni kama panya mkubwa, mfupi, mnene, meno rangi ya chungwa. Huyu naye hula majani na magome, lakini akishiba hatulii. Huguguna mti mpaka uanguke, akauburuta mtoni, akajenga ukuta, maji yakajaa bwawa.

"Huyu naye ana shida gani?" Mokua akauliza, kwa huruma ya kweli.

Hapo hasira zikanishika. Chini ya shamba letu kulikuwa na chemchemi. Mokua alipanda mikaratusi kuizunguka, kazi pekee aliyowahi kuimaliza maishani, na miti ile ikainywa mpaka yakabaki matope. Tukawa tunashuka hadi mto wa bondeni. Mama mkwe wangu, Tryphosa, aliteleza huko, akarudi na goti lililovimba na mtungi mtupu. Hata hivyo aliniambia nisimsumbue Mokua, mtoto wake huchoka haraka. Huchoshwa na nini, sikuuliza.

Nilimwomba Mokua aikate ile mikaratusi. Akasema mila haimruhusu mwanamke kumpangia mume miti. Mila hiyo sijaisikia kwa Mgusii mwingine yeyote. Akaongeza kwamba blugamu zake, ndivyo anavyoiita mikaratusi, bado zinakua. Kweli zilikuwa zinakua, kwa maji yangu.

Ilipofika Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato na hatugusi msumeno, Mokua akaenda Keroka kuketi. Nikaazima kwa jirani ule msumeno mrefu wa watu wawili, nikashuka kwenye mikaratusi, ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mmoja. Biva angenicheka. Nilivuta peke yangu, msumeno ukapinda na kukwama, nikakaa chini nikalia.

Nikasikia fimbo ikigonga mawe. Alikuwa mama mkwe. Nikajiandaa kutukanwa. Alitazama matope, akatazama miti ya mwanawe mpendwa, kisha akaketi chini, goti bovu limenyooshwa mbele, akashika mpini wa pili.

"Vuta, mkamwana," akasema. "Huko bondeni mimi sirudi."

Tulivuta mpaka viganja vikachubuka. Siku hiyo ilianguka mitatu, na Jumapili zilizofuata tukaimaliza yote. Mokua alipiga kelele za kusikika Nyamira mjini, lakini kutuzuia kungemlazimu asimame.

Masika yalipokwisha, chemchemi ilikuwa inatiririka tena. Nilipoyaona maji yale nilifurahi mpaka nikayanywa kwa viganja kama mtoto. Majirani wakaanza kuja na mitungi yao. Na Mokua? Alihamishia kiti chake pale pale, akawa anawapokea.

"Tuliamua tuhifadhi mazingira," aliwaeleza, ndizi mkononi. "Tukakata hiyo miti. Lakini haikuwa kazi rahisi!"

Mama mkwe alikuwa amejaza mtungi wake. Akautua taratibu. Visiki vilikuwa vimeanza kuchipua, na panga lake la kukatia majani ya ng'ombe lilikuwa mkononi.

"Mwanangu," akasema mbele ya majirani wote, "kwa vile ni wewe ulikata, haya machipukizi unajua vile yanakatwa. Simama."

Akamwekea panga mapajani, juu ya maganda ya ndizi. Mokua alinitazama nimwokoe. Nikatazama maji. Watu wote walikuwa wakimngoja, basi akasimama, akaenda kwenye kisiki cha kwanza, akainama.

Nami nikakikalia kile kiti. Kumbe ni kizuri sana.