Ukaguzi wa Kumwondoa Yunisi

Ukiwa kiongozi wa bweni, watu wanakuletea kila wasichotaka kukishika wenyewe: panya aliyekufa, choo kilichoziba, ugomvi wa ndoo. Mimi niliikubali kazi hii kwa sababu ya chumba cha peke yangu. Nilidhani nitalala.

Catherine alinikuta nafua. Akachutama kando ya beseni, akaanza kusuuza blauzi yangu bila kuombwa, nikajua kuna jambo.

"Dada Asnath, nimechoka kumbeba Yunisi."

Kubebana si siri hapa chuoni. Aliyekosa kitanda analala na mwenzake aliyepata, wamebanana kwenye kigodoro kimoja. Chuo kinakataza, nasi viongozi tunajifanya hatuoni. Yunisi alikuwa binti wa mama mdogo wake Catherine, kutoka kijiji cha Simbo, mbali na mji.

"Si umwambie?"

"Nimwambieje, dada? Mama yake ndiye aliyenilea. Nikimfukuza mwanawe, Simbo nitaenda na uso gani?" Akaikamua ile blauzi mpaka nikaionea huruma. "Fanya ukaguzi, umkute, umwondoe. Wewe huna ndugu huku. Ila usimwambie kuwa nimesema mimi."

Kweli sina. Kwetu ni Same, na Kigoma nzima hakuna wa kuniuliza kwa nini nina roho mbaya.

Mitihani ilikuwa inakaribia. Yunisi akiondoka, atakuwa anatoka Simbo kila alfajiri. Nikikataa, Catherine kwa kuchoka kwake atakwenda kwa matroni, na asichojua ni kwamba matroni hachagui: anayebeba, anayebebwa na kiongozi aliyefumba macho, wote nje. Niseme ukweli, nilikipenda chumba changu. Tena nilikuwa nimechoka, na nguo zilikuwa bado nyingi. Nikaahidi.

Jumamosi mchana nikagonga mlango wao. Yunisi hakubisha. Alikunja kanga zake polepole, akatoa sufuria yake uvunguni, akaniomba radhi kwa usumbufu. Nilitegemea Catherine atanyamaza. Wapi! Alisimama katikati ya korido, wasichana wote wakitoka vyumbani kutazama.

"Jamani Asnath, huna hata chembe ya huruma? Ndugu yangu aende wapi?"

Na machozi juu. Nilitaka kucheka, na nilitaka kumzaba kofi. Yunisi akamshika mkono. "Usilie, da Catherine. Wewe umenifanyia makubwa."

Tangu siku hiyo nikiingia bafuni maongezi yanakatika.

Mtihani wa kwanza Yunisi aliwahi. Wa pili mvua ilinyesha usiku kucha, gari likanasa kwenye matope, naye akafika mlango wa ukumbi umeshafungwa. Nilimwona amekaa kwenye ngazi za nje, viatu mkononi, miguu myekundu kwa udongo. Somo lile atalirudia mwakani.

Muhula ulipoisha mama yake akaja. Wageni hawavuki meza yangu pale mlangoni, kwa hiyo alisimama mbele yangu na kidumu cha mawese.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Wewe ndiye Asnath?"

"Ndiye mimi."

"Haya ni ya Catherine. Utampa." Akakiweka kidumu mezani. "Mwanangu angeambiwa mapema kwamba mwenyeji wake amechoka, tungemtafutia pa kulala kabla ya mitihani. Tusingechukia. Nani hachoki? Lakini Catherine hakuchoka. Uliyechoka ni wewe."

Nikafungua kinywa. Nyuma ya mama, kwenye ngazi za kuingilia, Catherine alikuwa amesimama na ndala zake, amesikia yote. Akanitikisia kichwa kidogo: usiseme.

Sikusema. Ahadi ni ahadi. Lakini kile kidumu mkono wangu ulikataa kukigusa.

"Catherine yupo nyuma yako, mama. Mpe mwenyewe."

Mama aligeuka, uso ukamchangamka. Wakaamkiana kwa Kiha. Akamwita mwanangu, akamkumbatia, akampa kidumu kwa mikono miwili na kumshukuru, akamshukuru tena. Catherine alikipokea, akaanza kulia, na safari hii hakuna korido iliyokuwa ikitazama. Nikasubiri aseme. Akakikumbatia kidumu kifuani, akainamisha uso.

Mama akamfuta machozi kwa upindo wa kitenge chake, kisha akanitazama kupitia begani kwake.

"Unamwona?" akaniambia. "Mpaka leo anamlilia mwenzake."

Nikasema ndiyo mama, ninamwona.