Sekunde za Marehemu Laurenti

Saa kumi na moja jioni Hilda alikuwa jikoni kwake, mtaa wa Ramadhani mjini Njombe, anamenya viazi, simu ilipoita. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akapokea. Aliyepiga ni mumewe Laurenti, waliyemzika miaka miwili iliyopita siku ya ukungu mzito. Alikuwa akipiga kila siku saa hiyohiyo, maana hata uhai wake wote alikuwa mtu wa kushika muda.

"Kamwene, mama Juliana."

"Kamwene, baba Juliana."

"Mmeshindaje huko?"

"Tumeshinda salama."

"Juliana hajambo?"

"Hajambo, yuko shuleni kwake anafundisha."

"Na mama, miguu yake?"

"Anatembea sasa, hadi kanisani anafika."

"Afadhali. Na yule ng'ombe..."

Simu ikakata. Hilda akatazama kioo: sekunde arobaini na moja. Jana yake zilikuwa arobaini na mbili, na juzi arobaini na tatu.

Zamani waliongea mpaka viazi vikaungua. Kisha simu ikaingiwa na kasoro, na kila siku maongezi yakapungua sekunde moja, bila kukosea. Hilda alijaribu kuhamishia laini kwenye simu ya Juliana, ikakaa mezani wiki nzima kimya. Marehemu aliijua ile moja tu, aliyoinunua mwenyewe Makambako mwaka 2021 na kumletea mkewe ikiwa bado kwenye boksi lake.

Kasoro hiyo angeivumilia kama si Ebeneza. Huyu Ebeneza, mdogo wake marehemu, alisubiri Pasaka ipite, akaja akakaa kwenye kochi la kaka yake, akanywa chai, akasema zile ekari tatu za miti ya misindano kwenye barabara ya Ludewa ni za ukoo. Uongo mtupu. Laurenti alizinunua, na hati ya mauziano ilikuwepo, ina sahihi ya mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule, ambaye naye ni marehemu na hapigi simu. Laurenti aliificha hati mahali, akafa ghafla bila kusema ni wapi. Kikao cha usuluhishi cha kata kilikuwa kimebakiza siku thelathini na tatu.

Hilda alishamuuliza, ila sekunde zilikuwa zimeshashuka chini ya sitini. Alimkatisha katikati ya salamu, na Laurenti alisikia vizuri kabisa.

"Nitakueleza," alisema. "Kwanza nijue kama mpo wazima."

Salamu za Laurenti, hata zikienda mbio, zilimaliza dakika nzima. Alianza na watoto, akaja wazee, mifugo, viazi, majirani, hali ya baridi, ndipo neno lenyewe. Siku moja Hilda alimfokea aache salamu, na jioni mbili zilizofuata marehemu alipiga akakaa kimya mpaka sekunde zikaisha. Wapo watakaosema Laurenti alikuwa mjinga. Hao walilelewa wapi? Mbena mwenye heshima zake haanzi na shida yake kwa mtu ambaye hajajua kama ameamka mzima. Aibu si yake. Aibu ni ya hao waliompunja sekunde.

Hilda alikwenda kwa Timoth, fundi simu wa pale mtaani. Timoth aliifungua simu, akaipuliza vumbi, akaifunga.

"Hii kasoro inajulikana, mama. Iliingia na ile apdeti ya mwaka jana. Dawa yake ilishatengenezwa tangu Februari."

"Iko wapi?"

"Anayo Sasisho, apdeti mpya yenyewe. Ameshafika Makambako. Alishuka treni wiki mbili sasa, yuko gesti ya karibu na stesheni."

"Anafanya nini huko?"

"Anangoja."

Kesho yake Hilda alipanda Kosta ya asubuhi. Makambako kulikuwa na upepo na malori, kama siku zote. Gesti aliionyeshwa mara moja. Sasisho alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, mtu mwembamba, amevaa suti, begi dogo la ngozi liko mapajani. Waliokaa pembeni yake walikuwa masasisho wenzake, kila mmoja na begi lake. Mmoja wao alikuwa na mvi kichwa kizima. Huyo aliletwa kwa ajili ya simu za mwaka 2019, akakaa sana, mpaka mhudumu wa gesti akawa anamtuma mkaa.

Hilda alimsalimia kila mmoja, kisha akatoa simu kwenye mfuko wa sweta.

"Ni hii," Sasisho alisema. "Pole sana, mama. Dawa ninayo."

"Mbona hukuja?"

Sasisho alieleza kwa adabu, bila haraka. Alizaliwa Februari, kwa watu wanaotengeneza mfumo. Wakampeleka kwa watengenezaji wa kile kidude kinachoendesha simu, akakaa hapo mpaka Machi ili wazoeane. Kisha wenye simu wakamchukua, wakamvua nguo, wakamvisha za kwao, wakamjaza mfukoni michezo na matangazo ambayo hakuna aliyeyaomba. Wakampima. Akaanguka mara mbili, wakamrudisha. Alipopona ikawa zamu ya kampuni ya mtandao, nayo ilitaka kumpima upya kwa mizani yake. Sasa alikuwa anangoja muhuri wao.

"Na wale waliopita hapa jana?" Hilda aliuliza, maana mhudumu alishamwambia. "Wenye gari?"

"Wale ni wa simu za bei kubwa. Hao wana njia yao."

"Walizaliwa baada yako?"

"Walizaliwa Mei, mama."

Hilda aliiweka simu juu ya begi la Sasisho.

"Baba, sikiliza. Wewe uko hapa. Mimi niko hapa. Simu hii hapa, na dawa iko kwenye hilo begi. Fungua."

"Sina ruhusa."

"Begi lako mwenyewe?"

"Begi langu. Kufuli ni lao."

Alimwonyesha kufuli. Yule mwenye mvi naye akaonyesha la kwake, lilikuwa limeota kutu. Hilda aliwaaga, akarudi Njombe.

Kila asubuhi aliingia kwenye simu kuuliza, kama Timoth alivyomfundisha, na kila asubuhi simu ilijibu: Hakuna sasisho jipya. Simu yako ni ya kisasa. Yeye akaendelea kutafuta hati. Alipasua magodoro, akachimba bandani, akashusha mabati mawili ya jiko. Jioni sekunde zilipungua. Ng'ombe hakutajwa tena. Kisha mama mkwe akaachwa, kisha Juliana.

Siku ya kikao zilikuwa zimebaki nane. Ebeneza alileta mashahidi wawili na kuku wa wazee. Hilda alieleza ukweli wote, na wajumbe walimsikiliza kwa heshima, kwani wengi wao nao hupigiwa na marehemu wao. Mwenyekiti aliuliza kama marehemu anaweza kupiga hapo kikaoni atoe ushahidi. Hilda akasema anaweza, ila hatavuka salamu. Wakaandika kwamba asiye na hati hana shamba.

Wiki moja baadaye ilibaki sekunde moja. Hilda aliishika simu kwa mikono miwili, akamwomba Mungu.

"Kamwene," alisema Laurenti, na ikakata.

Sasisho alifika mtaa wa Ramadhani mwezi Septemba, suti imepauka, anauliza njia. Hilda alimkaribisha ndani, akampa kiti na chai ya maziwa. Alipoipokea ile simu, alitoa karatasi yenye mihuri saba, akaisoma kwa kidole toka juu hadi chini, akarudia.

"Simu hii imetolewa kwenye orodha," alisema. "Miaka yake ya kuhudumiwa ilikwisha mwezi wa nane."

"Wewe ulikuwa wapi mwezi wa nane?"

"Makambako, mama. Nangoja muhuri."

Kufuli lilikuwa limeshafunguliwa. Begi lilikaa wazi mezani, katikati ya sukari na vikombe, na dawa ilionekana, kitu kidogo tu, kama punje ya ulezi. Hilda aliitazama. Kutoka upande wa barabara ya Ludewa ilisikika misumeno ya Ebeneza ikishusha misindano.

Saa kumi na moja simu iliita. Hilda akapokea, ikakata palepale. Sekunde sifuri.

"Kamwene, baba Juliana," alisema hata hivyo. "Tumeshinda salama. Mama anatembea. Ng'ombe amezaa."

Sasisho alisubiri amalize, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu. Kisha akafunga begi, akashukuru kwa chai, akaomba aelekezwe kwa Clemens mwenye duka la pembejeo. Clemens alinunua simu mpya mwezi Mei, na haikuwa na kasoro yoyote. Hilda alitoka naye hadi mlangoni, akamwonyesha nyumba.