Faili Lililobaki Kwangu

...na bado hajagusa kitu, ameketi kwenye kiti changu, mikono mapajani, anasoma ujumbe wa kosa tangu mstari wa kwanza, mimi huwa naruka hadi chini, faili la lebo halikupatikana, basi, asubuhi nilipouona nikajua ni yeye, dada mgeni wa wiki tatu hapa kazini, si ndiye aliyegusa zana ya kufungasha programu jana, na papo hapo nikamwandikia bosi hivyo hivyo, nikamtaja, bosi akajibu "nitamwita saa kumi" tu, na mtu aliye kwenye majaribio ya kazi akiitwa saa kumi harudi kesho, maana kliniki inayotumia programu yetu haijachapa lebo hata moja ya dawa tangu ifungue leo, mfamasia anaandika kwa mkono, vidonge vingapi, mara ngapi... "Kaka, kwenye kompyuta yako programu inafanya kazi?" Inafanya, tena vizuri, namjibu kwa ukali wa mwenye haki, haki gani... anacheka kidogo, "Basi tusibishane na kosa, tufungue kifurushi kilichokwenda kliniki tuone kilichomo," loo, jepesi hivyo, tangu asubuhi nimefuta, nimefungasha upya, nimezima, nimewasha, nimelaani, kufungua sikuwaza, hata mama yangu akikosa ufunguo humwaga mkoba wote kitandani kabla ya kumshuku mtu... orodha inashuka, kidole chake kinaifuata bila haraka, uzuri wa kidole kile kisichokisia, hapana, hapana, faili la lebo halimo. Anafungua folda zangu, naliona kabla hajasema, faili nililiweka mwenyewe katikati ya msimbo, na zana ile huchukua mafaili ya aina hiyo kutoka folda yao maalumu tu, mengine huyaacha, kwangu programu ililisoma papo hapo kwenye folda, kliniki hakuna folda, kuna kifurushi tu. "Usijali, hata mimi yalishanikuta," ananifariji, mimi! analihamisha, anabadili mstari mmoja ili programu itafute ndani ya kifurushi, anabonyeza, hana hata tabasamu la ushindi, fundi huyu, fundi hasa, miaka tisa najiita mkongwe, kumbe nyani haoni kundule... kufungasha kunaendelea, mistari inapanda kwenye skrini, "Saa ngapi, kaka? Bosi ameniita saa kumi, sijui kuna nini." Tisa na nusu. Najua kuna nini, nimekiandika kwa vidole hivi, na nikinyamaza atakwenda kuniombea radhi kwa kosa langu bila kujua, mistari bado inapanda, haijamaliza, "Dada," nasema, "mimi ndiye niliyekusemea kwa bosi."