Zamu ya Maji ya Bibi Dorkas

Mimi si mtu wa kanisa. Naitwa Kassimu, na ninakoswali ni msikiti ule wa chini ya njia panda. Kwa hiyo mtu asije akasema najipendekeza kwa mchungaji, wala kwamba nina kinyongo naye. Kinyongo nilikuwa nacho kweli, na nitakisema tukifika mahali pake.

Kazi yangu ni kugawa maji ya ndiva hapa Kighare, mwaka wa kumi na tisa huu. Ndiva ni bwawa letu la kuta za mawe na udongo. Linajaa usiku kwa maji ya kijito, asubuhi nazibua, yanashuka kwa mfereji shamba kwa shamba. Kila nyumba ina zamu yake ya saa mbili, mara moja kila wiki mbili, na zamu haimwulizi mtu dini yake. Wakati ukifika napanda ukutani na kuita jina la mwenye zamu mara tatu. Kati ya mwito na mwito nasubiri muda wa kumtosha mtu kutoka kwake na jembe. Asipotokea baada ya mwito wa tatu, maji yanakwenda kwa anayefuata, na aliyekosa atasubiri wiki mbili nyingine. Mgawa maji mwenyewe anamwagilia wa mwisho. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakifanya.

Mchungaji Elirehema aliletwa hapa Januari ya mwaka jana. Kijana wa Same mjini, miaka thelathini na tatu, na huu ulikuwa usharika wake wa kwanza. Kwao maji yanatoka bombani, na yasipotoka watu wananung'unika tu mpaka yatoke. Sisemi kwa dharau. Kusema kweli alikuwa mchapakazi, tena hodari wa kuhubiri, maana hata mimi nilimsikia bila kwenda kanisani. Alipofika tu alifunga spika mbili juu ya mnara wa kengele, na kanisa liko hatua mia mbili hivi kutoka kwenye ndiva yangu.

Alichokikuta hakikumpendeza. Watu walikuwa wakiingia ibadani wanavyotaka na kutoka wanavyotaka, huyu kaitwa na maji, yule ana mgonjwa, mwingine hana sababu yoyote ila kuchoka kukaa. Akaona usharika hauna nidhamu, na kiongozi asiyeweka nidhamu si kiongozi. Jumapili ya kwanza ya Agosti akatangaza kwamba baada ya somo la kwanza mlango utafungwa, na hakuna kutoka mpaka baraka. Ufunguo akampa Mzee Eliufoo, mzee wa kanisa aliyekuwa akisoma matangazo ya Jumapili tangu mchungaji huyu akiwa shule ya msingi. Matangazo yenyewe alikwisha kumnyang'anya. Alimwambia kwa adabu kwamba kila kitu sasa kitapitia ofisini. Eliufoo si mtu wa kubishana. Katika matangazo yale, kumbe, ndimo zamu za maji za Jumapili zilikuwa zikisomwa, ili mwenye zamu akae karibu na mlango.

Haya, sasa Dorkas. Dorkas ni mjane, ana miaka sitini na sita, mimi namwita dada. Ameimba kwaya ya kanisa lile miaka thelathini. Analima peke yake kipande kilicho chini ya mfereji, na mwaka huo alikuwa amepanda maharage, ndiyo chakula chake mpaka mvua za vuli. Jumapili ya pili ya Agosti maharage yalikuwa yametoa maua, jua linawaka, na zamu yake ilikuwa saa nne.

Saa nne mchungaji alikuwa ndiyo kwanza anapasha koo. Baadaye niliambiwa kwamba Dorkas alisimama mara mbili na kwenda mlangoni. Mara ya kwanza Eliufoo alimwangalia mchungaji, mchungaji akatikisa kichwa. Mara ya pili mchungaji alisimamisha mahubiri akamwambia mbele ya wote akae, Mungu hangoji shughuli za shamba. Dorkas akakaa.

Saa sita kasoro alitoka na kukuta maji yako kwa Rashidi, jirani yake wa chini, yamekwisha kufika kwenye migomba. Hakugombana na mtu. Aliniuliza tu kama niliita. Nikamjibu kwamba niliita.

Jumatatu akarudisha joho la kwaya. Alilikunja vizuri, akaliweka kwenye ngazi za kanisa pamoja na kitabu cha nyimbo, akaenda zake.

Jumanne mchungaji akaja kwangu. Alinikuta naziba ufa wa ukuta, mikono yote tope. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba bila kumtazama. Akasema amesikia kuna mama amepoteza maji, na angependa kumsaidia. Nikamuuliza amsaidie kwa kitu gani. Akasema atamnunulia maharage debe zima, au ataomba usharika umchangie. Hapo ndipo hasira ikanipanda. Nikamuuliza mchicha anaokula kila siku anadhani unamwagiliwa na nani. Nikamwambia nyumba ya mchungaji ina zamu kama nyumba nyingine zote, Alhamisi saa moja asubuhi, na Mzee Eliufoo ndiye anayeshika jembe kwa niaba yake tangu alipofika. Miezi minane mtu anakula mboga na hajui maji yake yanapita wapi.

Sikumwonea huruma, lakini niliona imemwingia. Alikaa juu ya jiwe na suruali yake safi, akaniomba nimweleze mambo ya zamu tangu mwanzo. Nikamweleza. Aliuliza maswali mengi, na hakuna hata moja lililokuwa la kijinga. Mwishoni akasema basi Dorkas achukue zamu yake yeye ya Alhamisi, maana maua yale hayatafika wiki ijayo.

Akashuka kumwambia mwenyewe. Baada ya nusu saa akarudi, uso umemshuka. Dorkas alimkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa, akamkatalia. Alimwambia hataki maji ya kuhurumiwa. Watu wote walimwona akikalishwa kama mtoto, na sasa wamwone tena akimwagilia kwa maji ya kupewa? Zamu yake ilikuwa haki yake. Kama haiwezi kurudi kama haki, maharage na yakauke.

"Kwani zamu hairudi kabisa?" mchungaji akaniuliza.

Nikaongeza tope kwenye ufa kwanza. Nikamwambia inarudi kwa njia moja tu, nayo ni kusema ukutani. Aliyesababisha mwenzake akose maji anapanda juu ya ukuta wa ndiva asubuhi, watu wa maji wote wakiwapo, anasema alichofanya kwa kinywa chake. Akisema, zamu yake yeye inakuwa ya yule aliyepotelewa, kwa haki, na yeye anasukumwa mwisho wa foleni. Kisha mgawa maji anauliza kama kuna mwingine aliyehusika. Kama hakuna, maji yanafunguliwa. Mara ya mwisho kuliona jambo hilo ilikuwa miaka tisa iliyopita, na aliyesema alikuwa mlevi.

Jumatano wazee wa kanisa walikaa na mchungaji jioni nzima. Wengi walimkataza. Wanaokuja pale ndivani ni watu wa kila dini, walisema, na mchungaji akijishusha mbele yao leo, kesho nani atamsikiliza? Mmoja akamshauri kwamba kama ni lazima, basi aende bila kola ya kichungaji, aende kama mtu wa kawaida. Eliufoo alikuwapo, na aliyenisimulia ni yeye. Anasema mchungaji aliwasikiliza wote, kisha akamgeukia yeye na kumwuliza anaonaje. Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza kitu. Eliufoo akamjibu kwamba mlango aliufunga akiwa na kola.

Alhamisi asubuhi alikuja na kola shingoni na jembe mkononi. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, habari hizi zina miguu. Dorkas alisimama kando, kanga kichwani, mikono kaikunja. Rashidi naye alikuwapo, amechuchumaa karibu na kizibo.

Mchungaji akapanda ukutani. Hakuhubiri, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri.

"Jumapili Bibi Dorkas alisimama mara mbili kuomba kutoka aende kwenye zamu yake," alisema. "Nilimkalisha. Sikumwuliza anakwenda wapi, kwa sababu nilitaka watu waone kwamba neno langu halipingwi. Maji yake yalipotea kwa sababu yangu. Bibi, nimekukosea."

Akateremka. Dorkas akaikunjua mikono.

Zamu yangu ikafika ya kuuliza kama kuna mwingine. Nikapanda, nikauliza, kwa sauti ile ninayoitia majina. Rashidi akainua uso akanitazama, akatazama chini tena.

Sasa nitakisema kile kinyongo. Tangu spika zile zifungwe nilikuwa nimechukia. Kila Jumapili naita majina mtu ananguruma juu yangu, nikienda kulalamika naambiwa nipitie ofisini. Jumapili ile nilipanda ukutani, nikaita Dorkas mara moja, spika ikanimeza. Nikajiambia basi, wakajifunze. Rashidi alikuwa tayari amesimama na jembe. Sikuita mara ya pili wala ya tatu. Niligeuza maji hapo hapo, na Dorkas aliponiuliza nikamwambia niliita. Nilimkasirikia mchungaji, na niliyemkaushia shamba ni dada yangu.

Nilikuwa nimesimama pale juu, na kijana yule wa Same ananitazama kutoka chini bila kujua lolote. Miaka kumi na tisa. Nikasema:

"Yupo mwingine. Mimi. Niliita mara moja tu."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Walijadiliana pale pale, wengine wakitaka nivuliwe kazi, na walikuwa na haki. Dorkas ndiye aliyesema niachwe, ila nisimwagilie kabisa mpaka msimu uishe. Kabichi zangu zote zikafa. Wapita njia walikuwa wakinipa pole na kucheka, nami nikapokea pole zao.

Dorkas akachukua jembe, akaenda kupokea maji yake. Mchungaji na mimi tukamfuata kwa nyuma kusafisha mfereji. Sehemu ya maharage ilikuwa imekwisha kuungua, lakini zaidi ya nusu yalipona.

Jumapili iliyofuata Eliufoo alirudishiwa matangazo yake, na ufunguo ukatundikwa ofisini. Dorkas hakwenda kanisani siku hiyo. Alikwenda Jumapili ya pili, siku ya zamu yake yenyewe, akakaa benchi la nyuma bila joho. Mlango ulikuwa wazi.

Saa nne nilipanda ukutani. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri, spika zinanguruma vile vile. Nikajaza kifua, nikaita jina la Dorkas.

Spika zikanyamaza katikati ya sentensi. Kisha nikaisikia sauti ya mchungaji ikitoka juu ya mnara, kijiji kizima kinasikia:

"Bibi Dorkas, maji yako. Mzee Kassimu ameita mara ya kwanza."

Akangoja. Hakuendelea na mahubiri mpaka Dorkas alipotoka, nikamwona anateremka njiani na jembe alilokuwa ameliegemeza nje ya ukuta wa kanisa. Zilikuwa hatua mia mbili na nilimwona vizuri kabisa. Nikaita mara ya pili. Nikasubiri muda wake wote, nikaita na ya tatu.